Injini moja tu? Caravan inavyotunzwa isizime, na kinachofanyika ikizima

Kuna swali abiria wengi wanalo ila hawaulizi: ndege ina injini moja, sasa ikizima huko juu inakuwaje? Akitokea wa kuuliza, rubani anatabasamu anamwambia usijali, na hilo si jibu. Mi niko upande wa ufundi na naona swali ni halali kabisa, shida ni kwamba watu wanachanganya vitu viwili, injini kuzima na ndege kuanguka. Kila kimoja kina sababu zake na kinga zake, ukivichanganya utaogopa kitu ambacho hakiui sana na kile kinachoua utakipita bila kukiona.

Nitaongelea Cessna Caravan kwa sababu ndo iliyojaa huku kwetu. Ndo inayopeleka watalii Serengeti na Mara, watu wa Mafia na Pemba, dawa na chanjo huko Kongo na Sudan Kusini. Ilipata cheti mwaka 1984 na zaidi ya 3,000 zimeshatengenezwa. Injini yake ni tabopropu inayoitwa PT6, inatoka Pratt & Whitney Canada, iliwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na mpaka leo zimetoka zaidi ya 50,000 za kila aina. Hata zile Pilatus PC-12 ambazo AMREF wanabebea wagonjwa zinatumia injini ya ukoo huohuo. Kwaiyo haya nitakayosema hayahusu Caravan peke yake.

Sasa hii tabopropu ni nini. Wengi wakiona propela wanadhani ndani kuna pistoni kama za gari, hapana, ndani ni injini ya jeti inayozungusha propela. Hewa inaingia kwa nyuma ya injini (ndio, kwa nyuma, watu wengi hawaamini), inasukumwa kuelekea mbele na kompresa, inaingia kwenye chumba cha moto, mafuta yanapulizwa humo na nozeli 14, yanawaka mfululizo bila kukatika, alafu ile hewa ya moto inapiga tabaini mbili. Ya kwanza inazungusha kompresa ili kazi iendelee. Ya pili inazungusha propela kupitia giaboksi. Na hapa ndo kwenye utamu wa PT6: hizi tabaini mbili hazijaungana kwa chuma. Weka feni mbili zinatazamana, chomeka moja kwenye umeme, ile nyingine itazunguka kwa upepo tu, basi ndo hivyo hivyo. Ndo maana injini ikiwa imezimwa unaweza kuzungusha propela kwa mkono na huko nyuma kompresa haitikisiki kabisa.

Upande wa kompresa unazunguka kama mara 37,500 kwa dakika ukiwa asilimia 100, na kasi hiyo kwenye mita inaandikwa Ng. Propela inazunguka mara 1,900 tu, giaboksi ndo inayopunguza. Nguvu inayofika kwenye propela inapimwa kama torki. Na joto la gesi katikati ya zile tabaini mbili linaitwa ITT. Shika hizo tatu, Ng, torki na ITT, ongeza na kiasi cha mafuta kinachoingia kwa saa, umeshajua karibu kila kitu injini inachoweza kukwambia.

Adui mkubwa wa injini hii ni joto. Kwenye PT6A-114A, ile ya nguvu farasi 675 iliyoko kwenye Caravan nyingi za hapa, kikomo wakati wa kupaa ni nyuzi 805, na ukiwa umetulia angani ni 740. Ukizidisha haizimi hapohapo, na hiyo ndo hatari yenyewe. Bledi za tabaini zinazunguka kwa kasi ya ajabu zikiwa zimewiva, na chuma kikiwiva huku kinavutwa kinarefuka kidogo kidogo, kila safari kinarefuka kidogo, mpaka siku ikafika bledi inagusa ukuta au inakatika. Kwaiyo rubani aliyezidisha joto leo hamuumizi abiria wake wa leo, anamuumiza abiria wa miezi mingine ambaye hatamjua kamwe. Ndo maana sisi mafundi tunaomba, tunaomba sana, ukizidisha kikomo andika kwenye logibuku, andika uliona ngapi na kwa sekunde ngapi. Hakuna aibu hapo, kitabu cha injini kina jedwali linaloonyesha joto fulani kwa muda fulani unafanya ukaguzi gani, ila jedwali halifanyi kazi kama namba hazikuandikwa.

Na muda ambao joto linaweza kuharibu injini haraka kuliko wote si angani, ni wakati wa kuwasha. Hebu tuangalie kuwasha kwa karibu. Kabla ya yote rubani anaangalia betri, iwe na angalau volti 24, maana betri ikiwa legevu stata inazungusha kompresa polepole, hewa inakuwa ndogo, mafuta yakiingia kwenye hewa ndogo moto unakuwa mkubwa kuliko upepo wa kuupoza. Anabonyeza stata, Ng inaanza kupanda, anasubiri ifike asilimia 12 au zaidi na itulie, hapo ndo anasogeza liva ya mafuta. Moto unashika. ITT inaruka. Kuanzia hapo macho hayatoki kwenye mita ya ITT na mkono hautoki kwenye liva, hata kama kuna abiria anauliza kitu, hata kama mtu wa mizigo anapunga mkono nje. Kuwasha kuzuri sindano inapanda, inafika kileleni, inaanza kushuka huku Ng inaendelea kwenda mpaka asilimia 52 unaachia stata. Kubaya sindano inapanda na haionyeshi dalili ya kusimama. Mwisho kabisa unaoruhusiwa ni nyuzi 1,090 kwa sekunde mbili, lakini rubani mzuri hasubiri kufika huko, akiona inakimbilia anakata mafuta na anaacha stata iendelee kuzungusha ili hewa ipoze ndani. Uamuzi huo unatakiwa uwe umeshafanyika kichwani kabla hajagusa stata, kwa sababu sekunde mbili hazitoshi kuanza kufikiri.

Kuzima nako kuna utaratibu wake. Unaacha injini ikae kwenye mwendo wa chini kwa dakika nzima, ITT ishuke na itulie, ndo unakata mafuta. Wenye haraka wanaruka hii, na pole pole inaonekana kwenye mafuta ya kulainishia yaliyoungulia kwenye beringi na mabomba yake.

Adui wa pili anategemea unaishi wapi. Ukiwa pwani, yaani Zanzibar, Mafia, Lamu, Ukunda, adui ni chumvi. Hewa ya bahari inaingia na chumvi yake, inakaa kwenye bledi za kompresa na kwenye sehemu za moto, inakula chuma. Dawa yake ni maji safi tu: unazungusha injini kwa stata bila moto huku unapuliza maji yasiyo na madini, alafu unaikausha kwa kuiwasha. Ndege inayolala pwani na kufanya kazi chini chini juu ya bahari inafanyiwa hivyo kila siku, siku ya mwisho ya wiki ikiwemo. Ukiwa bara adui ni vumbi na kokoto. Caravan ina kitenganisha vumbi kwenye njia ya hewa, rubani akivuta liva yake hewa inalazimishwa kupiga kona kali kabla ya kuingia kwenye injini, vumbi na mchanga vikiwa vizito vinashindwa kukata kona vinatoka nje. Kinasaidia sana, ila kina gharama, torki inashuka kidogo na joto linapanda, kwaiyo kwenye kiwanja kifupi cha juu lazima hesabu ya kupaa iwe imefanywa kikiwa kimefunguliwa. Usije ukafanya hesabu ya hewa safi alafu ukapaa na hewa ya kona.

Na rivasi, yaani propela kusukuma hewa mbele ili ndege ipunguze mwendo. Abiria wanapenda ile sauti ndege ikishatua. Kwenye lami sawa, lakini kwenye changarawe ukiiacha rivasi mpaka ndege iko mwendo wa kutembea, propela inavuta mawe mbele yake na kujipiga yenyewe. Ukitaka kujua rubani anaijali ndege, angalia ncha za mapanga ya propela. Kila kidonda kidogo pale ni mahali ufa unaweza kuanzia, na fundi anakisugua kwa faili mpaka kiwe laini, ila panga lina mwisho wa kusuguliwa.

Nije kwenye jambo ambalo mi naona ndo moyo wa haya yote na ndo linalopuuzwa zaidi. PT6 haifi ghafla mara nyingi kama watu wanavyodhani, huwa inatoa dalili mapema, na dalili zinaonekana kwenye namba kabla hazijaonekana kwa macho. Kwaiyo kila siku, rubani akiwa ametulia juu, hewa haina misukosuko, kitenganisha vumbi kimefungwa, anaandika: kimo, joto la nje, mwendo, torki, kasi ya propela, Ng, ITT, mafuta kwa saa. Dakika mbili tu. Namba zinaingizwa kwenye programu inayojua injini isiyo na tatizo ingetakiwa isome ngapi kwa hali hiyo, inatoa tofauti, tofauti inachorwa kwenye grafu siku baada ya siku. Namba ya leo peke yake haina maana, maana iko kwenye mwelekeo.

Mfano. Kwa torki ileile, ITT imepanda nyuzi 15 ndani ya wiki tatu, mafuta nayo yamepanda kidogo. Sasa angalia Ng. Kama Ng imepanda pia, mara nyingi kompresa ni chafu au imelika, inabidi izunguke haraka zaidi kutoa hewa ileile, au kuna hewa inavuja mahali. Unaiosha kwanza, ukaona kama mistari inarudi. Lakini kama ITT na mafuta vimepanda na Ng imeshuka, hapo usioshe ukalala, shida iko sehemu ya moto, labda ncha za bledi za tabaini zimeliwa na gesi inapita pembeni bila kufanya kazi. Na kama ITT peke yake ndo imeruka na vingine vyote vimetulia, shuku mita na vihisio vyake kwanza kabla hujafungua injini ya watu. Umeona? Namba nne tu, na unajua ufungue wapi. Sasa rubani akijaza kwa kukumbuka akiwa hotelini jioni, au anakopi za jana, hiyo grafu inakuwa mstari mzuri ulionyooka wa uongo, na kila mtu anaridhika nao. Jamani msifanye hivyo. Ni afadhali uache wazi siku hiyo.

Ukishaona mwelekeo mbaya unachomoa nozeli na kuingiza kamera nyembamba kwenye matundu yake, unaangalia chumba cha moto na tabaini bila kufungua injini. Nozeli zenyewe ni za kuangaliwa sana. Nozeli nzima inapuliza mafuta kama ukungu, iliyoziba inatoa mchirizi, na mchirizi unawaka kama ulimi wa moto ukilamba sehemu moja tu. Mita ya ITT inasoma wastani, haitaona huo ulimi, bledi ndo zitauona. Kwa hiyo nozeli zinatolewa kwa ratiba, zinasafishwa na kupimwa, hata kama injini inaonekana haina tatizo.

Ratiba kubwa ziko hivi kwa -114A: ukaguzi wa sehemu ya moto saa 1,800, kuifungua yote saa 3,600. Lakini saa siyo hesabu pekee na hapa ndo ndege za mbugani zinatofautiana na nyingine. Ndege inayotoka Arusha inatua Manyara, inapaa, inatua Seronera, inapaa, inatua Kogatende, imeruka saa chache tu ila imeshapasha na kupoza injini mara kadhaa. Disiki za ndani zinachoka kwa mizunguko hiyo, siyo kwa saa, na kila disiki ina idadi yake, ikifika inatolewa hata kama inang'aa. Asiyeandika kila kupaa anaibia hesabu hiyo. Alafu kuna maagizo yanayotoka nje ya ratiba, mfano mwaka 2014 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo kuhusu bledi za tabaini ya kompresa kwenye -114 na -114A, zikaguliwe kwa kamera na nyingine zikapimwe maabara, baada ya injini kadhaa kupata matatizo ya bledi hizo. Agizo kama hilo halina mjadala wala kuahirisha.

Vitu vidogo navyo. Oili inapimwa muda mfupi baada ya kuzima, kabla haijapoa, ukiipima asubuhi itakudanganya kwamba imepungua, utaongeza, itamwagika. Kifuniko chake kikifungwa vibaya oili inatoka yote hewani, basi unakifunga, alafu unakigusa tena. Kwenye giaboksi kuna sumaku inayokamata chembe za chuma na kuwasha taa, taa ikiwaka unaangalia ulichokamata, unga laini ni kitu kimoja na kipande chenye umbo ni kitu kingine. Ndege ikilala, propela inafungwa na kamba, kwa sababu upepo ukiizungusha usiku kucha beringi zinazunguka bila oili. Matundu ya injini yanazibwa, ndege (wale wa manyoya) hujenga viota humo, na kile kibomba kinachopima mwendo nacho kinavishwa kifuniko, maana manyigu wanaweza kukiziba kwa udongo ndani ya muda mfupi kuliko unavyodhani.

Mafuta sitakaa sana, ila maji kwenye mafuta yamezimisha injini nyingi zilizokuwa nzima. Mahali mafuta yanapotoka kwenye mapipa, chuja, simamisha pipa litulie, usinyonye mpaka chini kabisa, na asubuhi toa sampuli kwenye kila tundu uitazame kwenye mwanga. Na kabla ya kupaa swichi za matanki yote mawili, ziko juu kichwani kwa rubani, ziwe zimefunguliwa.

Haya, pamoja na yote, imezima. Kwanza tujue imezima kweli. Kuna hali ambapo kifaa kinachoipimia injini mafuta kinapoteza hewa inayokiongoza, kabomba kadogo kamepasuka tu, na injini inashuka kwenye mwendo wa chini kabisa na haiitiki ukisukuma liva. Moto bado upo. Kwa ajili hiyo Caravan ina liva ya dharura inayopeleka mafuta moja kwa moja, ila haina kitu cha kuizuia, ukiisukuma kwa hofu unaichoma injini iliyokuwa inakuokoa. Inasogezwa taratibu huku unatazama ITT. Ndo maana inafundishwa na kurudiwa, na ndo maana kabla ya kuwasha lazima ihakikishwe iko mahali pake, ikisahaulika mbele unapata kule kuwasha kubaya nilikoeleza.

Kama imekufa kabisa, pua chini, mwendo noti 95 kwa ndege iliyojaa, mapanga ya propela yageuzwe yakae kama kisu kwa upepo. Yameundwa hivi: shinikizo la oili ndo linayashikilia kwenye kazi, oili ikiisha yanageuka yenyewe, ndo maana ukiikuta imepaki utayaona yamelala kisu. Hapo ndege inateleza kama maili mbili za baharini kwa kila futi elfu za kimo. Ukiwa futi 8,000 juu ya ardhi una zaidi ya dakika saba na maili kama 16 za kuchagua. Swali ni kuchagua nini. Serengeti au uwanda wa Maasai unatua pengi. Juu ya msitu, juu ya bahari, juu ya mji, kimo kikubwa na njia inayopindia kwenye viwanja vina thamani kuliko dakika tano za mafuta ulizookoa kwa kunyoosha. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, walipokubali mwaka 2005 ndege za tabaini moja zibebe abiria usiku na ndani ya mawingu, waliweka sharti kwamba injini ithibitike inapoteza nguvu chini ya mara moja kwa saa 100,000, na injini ifuatiliwe mwelekeo wake kama nilivyoeleza. Ulaya walifuata mwaka 2017.

Sasa rudi kwenye kile kinachoua. Novemba 2017 Caravan iliyokuwa inaenda Serengeti iligonga milima ya Ngorongoro, watu 11 wakafa. Juni 2018 nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga Aberdare, wakafa 10. Zote mbili ziliingia kwenye milima iliyokuwa na mawingu. Hakuna kuosha kompresa kunakokinga hilo. Kinga yake ni kimo cha chini cha usalama ambacho hakishukwi mpaka uione ardhi, ni kifaa cha kuonya ardhi kikiwa kimewashwa na ramani zake ni mpya, na ni kampuni ambayo rubani akirudi na abiria kwa sababu kreta imefunikwa haulizwi nani atalipa mafuta. Hilo la mwisho abiria mnachangia, mkimkazania rubani kwamba kuna ndege ya kuunganisha usiku mnamsukuma. Hata barafu ipo, watu wanacheka Afrika na barafu, ila ukipanda juu sana ndani ya wingu karibu na Mlima Kenya joto linaweza kuwa chini ya sifuri, na bawa la Caravan halivumilii barafu nyingi, hapo unageuka, hujaribu.

Na uzito. Caravan ile ndefu, 208B, inapaa na kilo 3,969 mwisho, na kiwanja cha Wilson pale Nairobi kiko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, ukiongeza jua la saa saba mchana hewa ni nyepesi mpaka injini inafika kikomo cha joto kabla ya kutoa torki yote. Mizigo ikiwa nyuma sana mkia unataka kwenda chini, hata chini pale kuna nguzo ya kuuzuia abiria wakipanda. Kwaiyo ukiambiwa begi laini kilo 15 na wewe mwenyewe upande mzani, panda. Abiria 12 kila mmoja akificha kilo tano ni kilo 60 ambazo hazipo kwenye karatasi ya rubani ila zipo kwenye ndege, na karatasi hiyo ndo imemwambia kama zile mita za kiwanja mbele yake zinatosha.